Kombe juu ya birika: safari ya ganda la bahari hadi Butembo na Beni

Kutoka Mombasa hadi Kasindi, mpakani mwa Uganda na Kongo, ni zaidi ya kilomita 1,500 za barabara, na lori likishavuka mpaka bado lina safari ya kufika Beni, kisha milima ya kupanda hadi Butembo. Bahari iko mbali nasi. Hata hivyo ganda la bahari limetufikia kwa sura tatu: kwanza fedha, kisha pambo la wenye cheo, na mwishowe nakshi juu ya vyombo vya chai. Mtu anayekusanya mabirika ya kale yenye makombe ya kuchongwa au ya kuchorwa anakusanya kumbukumbu za biashara iliyotengeneza miji yetu. Ndiyo maana mabirika hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko tunavyoyaangalia sasa.

Fedha iliyotoka majini

Simbi ni ganda la konokono mdogo wa bahari ya joto. Zile ndogo, nyeupe, zilivuliwa kwa wingi visiwa vya Maldivi. Zile kubwa kidogo, zenye mviringo wa manjano mgongoni, zilipatikana Zanzibar na pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Kwa karne nyingi simbi za Maldivi zilipelekwa Bengali, zikaenda Ulaya, kisha zikashushwa Afrika ya Magharibi, ambako wafanyabiashara wa Ulaya walizitumia kununua watu. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Hertz kwanza na baadaye kampuni ya O'Swald iliyofungua duka Zanzibar mwaka 1849, walianza kubeba simbi za Zanzibar kwa shehena nzima kwenda huko huko magharibi. Zilimwagwa sokoni nyingi mno hata thamani yake ikaporomoka.

Bara, misafara ya Waswahili na Waarabu ilizifikisha Buganda na Bunyoro. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake juu ya Waganda kilichotoka mwaka 1911, aliandika bei za zamani: ng'ombe simbi 2,500, mbuzi 500, kuku 25. Bunyoro ndiyo iliyoshika pia machimbo ya chumvi ya Katwe, kando ya Ziwa Edward. Chumvi hiyo ilivuka mto Semliki na ziwa hilo ikapanda hadi kwa Wanande, watu wa milima yetu, nao wakailipia kwa mazao ya milimani. Njia ya chumvi ndiyo iliyowaunganisha wazee wetu na masoko ambamo ganda la bahari lilikuwa fedha.

Mlango wa pili wa biashara ya pwani ulikuwa msitu wa Ituri. Mwaka 1887 msafara wa mpelelezi Stanley uliwakuta huko, mahali paitwapo Ipoto, Wamanyema wa kiongozi Kilonga-Longa wakitafuta pembe za ndovu kwa bunduki. Wakazi wa msitu walilipia ujio huo kwa vijiji vilivyochomwa na watu waliotekwa. Kiswahili tunachokizungumza Beni leo kilifika pia kwa watu wa namna hiyo, na haifai kuisahau gharama yake.

Sehemu nyingine za Afrika ya Kati nazo ziliyajua maganda. Magharibi, mfalme wa Kongo alikuwa na nzimbu, maganda madogo yaliyovuliwa kisiwa cha Luanda chini ya amri yake. Kusini, msafiri Livingstone alipofika kwa mtawala Shinte mwaka 1854, aliambiwa kwamba sahani mbili za ganda la koni, konokono mwingine wa bahari, zilitosha kununua mtumwa, na tano zilinunua pembe ya ndovu. Maganda hayo yalikuwa yametembea kutoka bahari hadi katikati ya bara, na kila hatua iliyaongezea bei.

Kutoka mfukoni hadi kichwani

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ya Uganda ilikataa kupokea simbi kama kodi. Upande wetu, Ubelgiji iliichukua Kongo mwaka 1908 na ikawataka watu walipe kodi kwa faranga. Ganda likafa kama fedha, lakini heshima yake ilibaki. Walega walishona simbi kwenye kofia za wanachama wa Bwami, chama cha hekima na vyeo ambacho wakoloni walikipiga marufuku mwaka 1948. Wakuba wa Kasai walizipanga kwenye vinyago na mavazi ya kifalme, mpaka vazi la mfalme likawa mzigo mzito wa kubeba. Waluba waliweka ushanga na maganda juu ya lukasa, ubao wa kukumbukia historia ya ufalme: mwenye kuujua aliupitisha kidole, akasimulia.

Viwanda vya Ulaya navyo viliona soko. Vilitengeneza sahani za kauri na za kioo zilizoiga ganda la koni, vikaziuza Afrika ya Kati. Hapo ndipo ganda na chombo cha kauri vilipokutana katika biashara yetu: udongo uliochomwa tanuruni Ulaya ukavaliwa kifuani kama kitu cha bahari.

Makombe katika matanuru ya Uingereza

Huko Ulaya kwenyewe ganda lilikuwa limeshika mioyo ya matajiri. Katika karne ya 18 meli za Uholanzi na Uingereza zilirudi na chai, vyombo vya kauri vya China, na makombe ya bahari za mbali yaliyopangwa kabatini kama vito. Wafinyanzi wa Staffordshire waliunganisha vitu hivyo vitatu. Kati ya miaka ya 1740 na 1760 hivi walitengeneza mabirika meupe yenye umbo la kombe lenye mbavu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: udongo laini uliokorogwa na maji ulimiminwa ndani ya kalibu ya plasta; plasta ikanyonya maji; tabaka jembamba la udongo likabaki limeshika kila mbavu ya kombe. Birika lilipokuwa tanuruni katika moto mkali, chumvi ilitupwa ndani, mvuke wake ukalivika ngozi ngumu yenye vinundu vidogo kama ganda la chungwa.

Kuanzia miaka ya 1770 na 1780 sahani za ukingo wa kombe, wenye rangi ya buluu au kijani, zilisambaa duniani kwa bei ambayo hata mtu wa kawaida aliimudu. Kiwanda cha Belleek, kilichoanzishwa Ireland mwaka 1857, kilijenga jina lake kwa vyombo vyembamba vya chai vilivyofanana na makombe, matumbawe na viumbe vingine vya bahari.

Kombe lenye mbavu lilikuwa pia alama ya mahujaji wa Kikristo waliokwenda Santiago de Compostela. Mkatoliki wa Butembo analijua kwa njia nyingine: ni kwa kombe la umbo hilo mapadre wengi humwagia mtoto maji ya ubatizo.

Vyombo vilivyopanda mlima

Watu wa kwanza kukusanya kauri katika Afrika ya Mashariki hawakuwa Wazungu. Waswahili wa Lamu na Pate walijenga zidaka, safu za vishubaka ndani ya kuta za nyumba, wakapanga humo bakuli na sahani za China. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, walizipachika kwenye nguzo za makaburi. Fort Jesus, Mombasa, ni makumbusho tangu mwaka 1960, na ndani yake vipande vya kauri vinasimulia biashara ya karne nyingi.

Kwetu milimani utamaduni wa kunywa chai kwa birika ulikua katika enzi ya ukoloni, kwa walowezi, wafanyakazi wa migodi na wamisionari. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Waasumpsio walifika Beni na Lubero mwaka 1929. Chai yenyewe ikaja kupandwa huku juu, na leo mashamba ya Butuhe yako karibu na Butembo. Kisha wafanyabiashara Wanande wakashika hatamu. Janet MacGaffey, aliyeandika juu yao mwaka 1987, alionyesha jinsi walivyojijengea mtaji kwa mboga, maharage na kahawa wakati dola la Zaire lilipokuwa likidhoofika. Kahawa ilivuka Kasindi kwenda Uganda, bidhaa zikarudi. Baadaye safari zilifika Dubai na Guangzhou. Vyombo vya mezani vilipita njia hizo hizo, mpaka chupa ya chai na birika la bati vikaisukuma kauri nyuma ya kabati.

Kulijua birika la kale

Ukikuta birika la kauri lenye kombe, ligeuze kwanza. Chapa ya chini husema mengi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka, kwa hiyo chombo chenye neno «England» kwa kawaida ni cha baada ya mwaka 1891; maneno «Made in England» ni ya karne ya 20 kwa kawaida. «Nippon» huashiria Japani ya kabla ya mwaka 1921. Kukosekana kwa chapa si uthibitisho wa ukale, maana viwanda vidogo vingi havikupiga chapa.

Liinue kwenye mwanga: kauri halisi hupitisha mwanga, udongo wa kawaida haupitishi. Ligonge polepole kwa ukucha: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti butu. Angalia kombe lenyewe. Mbavu zilizotoka kwenye kalibu zina kina unachokihisi kwa kidole, ilhali picha iliyobandikwa ni laini kabisa. Usilisugue kwa mchanga au majivu, dhahabu ya ukingoni itatoka. Tena usinywee chai kila siku kutoka chombo cha zamani usichokijua, kwa sababu rangi na ngozi ya kioo ya vyombo vingi vya kale zilikuwa na risasi, ambayo ni sumu.

Historia isiyoandikwa hupotea

Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu wengi kutoka nyumba zao. Mtu anayekimbia usiku hubeba watoto, habebi birika. Chombo kikibaki, huvunjika au huuzwa na mtu asiyejua kilikotoka, na pamoja nacho hupotea jina la bibi aliyekinunua, mwaka, na njia kiliyopitia. Nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971, na Makumbusho ya Taifa mapya yalifunguliwa Kinshasa mwaka 2019. Lakini sheria hailindi kitu ambacho hakuna aliyekiandika, na Kinshasa haiwezi kuorodhesha kabati za Butembo.

Kazi hiyo ni yetu. Ganda lilikuwa na thamani pale watu walipojua lilikotoka na umbali liliotembea, na birika la kale liko hivyo hivyo. Wewe uliye na chombo cha wazazi, iwe birika lenye kombe au kofia yenye simbi, kipige picha, umuulize mzee aliyebaki kilinunuliwa wapi na kwa mazao gani, uandike majibu, na uweke nakala kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Shule, parokia na vyuo vikuu vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, vinaweza kuzikusanya kumbukumbu hizo bila kumnyang'anya mtu chombo chake. Tuanze na wazee walio hai mwaka huu.