Historia Ilivyofundishwa Tabora na Anayeisomea Nyumbani

Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, mwaka uleule Gavana Donald Cameron alipofika Tanganyika. Ilikusudiwa wana na warithi wa machifu, vijana ambao Waingereza walitarajia wawatawale watu wao kwa niaba ya serikali. Kusudi hilo liliingia hadi kwenye vitabu. Katika shule za sekondari za kikoloni, historia ilikuwa kwa sehemu kubwa habari za Uingereza, himaya yake na wasafiri wake, na baadaye wanafunzi walipimwa kwa mtihani uliotungwa Cambridge. Julius Nyerere, aliyeingia shuleni hapo mwaka 1937, alisoma chini ya utaratibu huo.

Mji wenyewe ulikuwa na mengi ambayo mpango ule haukuyapa nafasi. Kazeh, kama wasafiri walivyouita, ulikuwa njiapanda ya misafara: njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika hapo, moja ikienda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi ndio waliobeba pembe na vitambaa katika njia hizo, na walikuwa wakisafiri hadi pwani kabla wafanyabiashara Waarabu hawajajenga makazi yao Unyanyembe, nchi ulimo mji huo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alifunga njia ya Ujiji na kupigana na Waarabu wa Tabora. Mtemi Isike alipigana na Wajerumani hadi Januari 1893, ngome yake ilipovamiwa, akawasha baruti ili asikamatwe. Kijana aliyezaliwa mtaa wa watu waliokumbuka vita hivyo aliweza kumaliza shule bila kuulizwa swali hata moja kuvihusu. Hiyo ilikuwa hasara kubwa.

Mabadiliko yalikuja baada ya uhuru, na yalianzia Dar es Salaam. Idara ya Historia ya Chuo Kikuu, chini ya Terence Ranger, ilitafiti historia kutoka upande wa Waafrika wenyewe. Mwaka 1966 kilitoka kitabu cha Kiswahili cha J. B. Kabeya kuhusu Mtemi Mirambo. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri historia ya Tanzania iliyotumika madarasani kwa miaka mingi. Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mtihani ukawa wa nchi yenyewe. Lugha ya somo katika sekondari, hata hivyo, ilibaki Kiingereza. Ni katika mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ndipo lilipoingia somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili.

Anayesomea nyumbani anaingia katika mfumo huu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Asiyepitia kidato cha kwanza na cha pili shuleni hutangulia kufanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopewa sheria yake mwaka 1975, huwasaidia wengi wa namna hii. Mpango wa masomo ndio unaomtatiza zaidi. Wengi hushika maswali ya miaka iliyopita na kukariri majibu, njia inayoonekana fupi lakini humwacha mtahiniwa mikono mitupu swali likigeuzwa kidogo.

Mpango wenye nguvu zaidi huanza na muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania, kisha kila mada hutafutiwa tukio lililo karibu. Kwa mkazi wa mitaa ya Tabora kama Chemchem, Kanyenye au Ng'ambo kazi hiyo si ngumu. Biashara ya masafa marefu ni Unyanyembe na Urambo, nchi ya Mirambo. Kwa mada hiyo kuna hata ushahidi wa kulinganishwa: mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871 na kupigana upande wa Waarabu, aliandika habari za vita vya Mirambo, naye mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mkazi wa Tabora, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Kijana akiwasoma wote wawili na kuuliza kila mmoja alikuwa na maslahi gani, ameshafanya kazi ya mwanahistoria. Upinzani dhidi ya ukoloni ni Isike. Uchumi wa kikoloni ni reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Vita Kuu ya Kwanza ni Wabelgiji kuutwaa mji Septemba 1916. Kudai uhuru ni mkutano wa chama cha TANU wa Januari 1958, uliofanyika Tabora na kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia.

Mada ambazo hazina tukio la Tabora, kama mapinduzi ya viwanda Ulaya, hufuata baada ya hizo, zikisomwa kwa swali la nani alizitaka pembe na kwa nini. Kwa kuwa mtihani wa History wa kidato cha nne umekuwa ukijibiwa kwa Kiingereza, msomaji wa nyumbani aelewe kwanza kwa Kiswahili, kisha kila wiki aandike insha moja kwa lugha ya mtihani na kumpa mwalimu aisahihishe.