Mfalme Oscar I na Sala za Nyumbani

Sisi Walutheri tumezoea kukutana katika jumuiya. Mwenye nyumba anapanga viti, anatandika mkeka kwa ajili ya watoto, kiongozi anafungua Neno, tunaomba, tunatoa sadaka na kuagana. Ni vigumu kuamini kwamba zamani, katika nchi ya Kilutheri kabisa, jambo hilo lilikuwa kosa mbele ya sheria. Nchi hiyo ni Sweden, na mfalme aliyekuwa kwenye kiti cha enzi sheria hiyo ilipofutwa ni Oscar I.

Oscar alizaliwa Paris mwaka 1799. Baba yake, Jean Bernadotte, alikuwa jenerali wa Ufaransa. Mwaka 1810 Bunge la Sweden lilimchagua baba huyo awe mrithi wa mfalme mzee asiye na mtoto. Baba akaacha Ukatoliki akawa Mlutheri, kama sheria ilivyotaka. Oscar, aliyekuwa na miaka 11, alijifunza Kiswidi upesi, lugha ambayo baba yake hakuimudu mpaka kufa.

Mwaka 1823 Oscar alimwoa Josephine wa Leuchtenberg, binti Mkatoliki. Malkia huyo aliruhusiwa kubaki katika imani yake na kuwa na padre wake, ila watoto walilelewa Kilutheri. Oscar akawa mfalme wa Sweden na Norway mwaka 1844. Alikuwa mtu wa huruma. Kabla ya kutawala aliandika kitabu juu ya magereza, akitaka mfungwa atengenezwe, si kuteswa tu. Mwaka 1845 mabinti walipewa haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume. Kabla ya hapo, huko vijijini binti alipata nusu ya fungu la kaka yake.

Lakini ilibaki sheria moja ya mwaka 1726. Ilikataza watu kukutana majumbani kwa ibada bila mchungaji. Mtu aliweza kusali na watu wa nyumba yake, lakini akiwaalika majirani, alitozwa faini, alifungwa, au hata kufukuzwa nchini. Walioumia zaidi walikuwa wakulima na watu wa kawaida walioitwa "wasomaji", kwa sababu walipenda kusoma Biblia na vitabu vya Luther. Tazama ajabu hii: malkia alisali na padre wake ndani ya jumba la mfalme, na mkulima Mlutheri akaadhibiwa kwa kusoma Neno na jirani yake!

Mwaka 1856 Oscar alipofungua Bunge alitaka sheria za dini zilegezwe. Pendekezo lilikataliwa, na miongoni mwa waliopinga walikuwamo wachungaji, kwa kuwa wakati ule wachungaji walikuwa na baraza lao ndani ya Bunge. Mwaka 1857 mfalme akashikwa na ugonjwa mzito, mwanawe Karl akatawala kwa niaba yake. Sheria ya 1726 ilifutwa mwaka 1858. Hata hivyo mwaka uleule wanawake sita walifukuzwa nchini kwa sababu tu walijiunga na Kanisa Katoliki. Oscar alifariki Julai 1859, kazi ikiwa haijakamilika.

Ninaposoma habari hizi, swali linaniuma mimi mchungaji. Waliosimamia sheria ile hawakuwa wapagani. Walikuwa watumishi waliovaa kanzu kama yangu, wakiogopa mafundisho potofu na vurugu. Hofu yao ilikuwa na sababu, lakini iliwafanya wamwogope hata Roho wa Mungu akitenda bila ruhusa yao. Nami niliwahi kuzuia kikundi cha akina mama kilichokuwa kikiomba alfajiri nyumba kwa nyumba. Nilisema ni kwa ajili ya utaratibu. Ukweli ni kwamba hawakuwa wameniuliza. Ilinibidi baadaye niende kwao kuomba radhi, na mmoja wao akanijibu kwa upole, "Baba mchungaji, tulikuwa tunakuombea wewe."

Moto uliowaka kwa wale wasomaji haukuzimika. Katika uamsho huo kilizaliwa mwaka 1856 chama cha misheni ambacho baadaye kilituma watu Afrika Mashariki, kuanzia Eritrea. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, wamisionari wa Kijerumani walipowekwa kizuizini, Waswidi walikuja Tanganyika kuwasaidia Walutheri wasiachwe yatima.

Gamalieli aliwaonya wazee wa Israeli wasije wakajikuta wanapigana na Mungu. Onyo hilo ni letu pia. Tulinde mafundisho, ndiyo, lakini tulinde kwa kukaa mkekani pamoja na watu, tukisikiliza wanavyosoma.