Rika na Uaminifu Katika Nchi ya Mlima Meru

Riwaya ya upelelezi ilichelewa kuzaliwa katika Kiswahili, ikilinganishwa na utenzi. Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla, kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58, kikapigwa chapa mwaka 1960. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla kilitoka mwaka 1965, na mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona. Rafiki hakukosekana katika fani hii tangu mwanzo, kwani Bwana Msa ana Najum wake. Lakini Najum ni mwenzi wa kuuliza na kusikiliza; hashurutishwi kuchagua kati ya rafiki yake na haki. Basi mwandishi atakaye kutunga kisa cha kutisha juu ya watu waliokua pamoja, na uaminifu wao ukatiwa majaribuni, achote wapi? Nadhani kisima kimoja kipo katika historia ya nchi ya Mlima Meru, nayo makala haya yanakusudia kuonyesha hivyo.

Aishikaye barabara itokayo Arusha kwenda Namanga hupita Sakina, chini ya miteremko ya magharibi ya mlima. Hiyo ni nchi ya Waarusha, wakulima wasemao Kimaa, waliokaa huko tangu miaka ya 1830 hivi. Upande wa mashariki wapo Wameru, ambao lugha yao ni jamaa ya Kichagga. Kwa Waarusha, urafiki wa utotoni haukuachiwa moyo peke yake. Ulitiwa katika sheria. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja walikuwa rika moja, lenye jina lake, nao walipanda daraja pamoja, kutoka umorani hata uzee. Nyumba ya mmoja ilikuwa mlango wazi kwa mwenzake, na kumnyima mwana rika chakula au msaada ilikuwa aibu kubwa. Katika karne ya kumi na tisa vijana wa Kimeru nao waliufuata utaratibu huo, hata rika la Talala likawa na morani wa pande zote mbili.

Sasa na tutazame jambo lililotukia mwaka 1896. Wamisionari wawili wa Kilutheri wa chama cha Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, katika nchi ya Wameru, nia yao kujenga kituo. Mangi Matunda aliridhia. Morani wa Talala hawakuridhia. Mwezi wa Oktoba, usiku, waliwashambulia wageni wale wakawaua, pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Kapteni Johannes, mkuu wa askari wa Kijerumani huko Moshi, aliongoza majeshi ya kulipiza kisasi. Watu waliuawa, ng'ombe walichukuliwa, migomba ilifyekwa. Adhabu haikuuliza nani aliyeshika mkuki na nani aliyelala kwake.

Tumfikirie kijana mmoja wa rika lile, asiyetaka damu ya wageni imwagike. Angemwendea Mangi, angekuwa msaliti wa wale aliovumilia nao kisu cha jando. Angenyamaza, angekuwa amemsaliti Mangi na wazee. Mwandishi hahitaji kubuni tanzi lililo kali kuliko hilo. Wala halihitaji mhaini mwovu. Kila upande una haki yake, na usiku unakwenda.

Hata hivyo yatupasa tusilihukumu rika kwa usiku mmoja. P. H. Gulliver, aliyechunguza mambo ya Waarusha katika miaka ya 1950 na kuandika kitabu juu yao mwaka 1963, aonyesha kwamba rika lilikuwa pia na baraza. Mtu mwenye shauri hakwenda peke yake. Alifuatana na wenzake na laigwanani, msemaji wa rika, na jambo likajadiliwa mpaka pande mbili zikapatana. Na walipogombana wana rika wawili, wenzao wenyewe waliwaketisha. Kumbe uaminifu haukuwa na maana ya kuficha kosa. Maana yake ilikuwa kwamba kosa la mmoja ni kazi ya wote kulisawazisha, naye mkosaji hatupwi.

Wajerumani walipojenga boma Arusha, katika miaka ya 1899 na 1900, walileta hukumu ya namna nyingine. Tarehe 2 Machi 1900 watu kumi na tisa walinyongwa huko Moshi kwa kushitakiwa njama, miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru. Hapo neno la kunong'onezwa liliweza kumtia mtu kitanzini, na majadiliano hayakupata nafasi.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Historia ya Meru yatuongezea swali: akufaaye kwa kunyamaza, au kwa kusema? Rika katika baraza lake lilijibu kwamba ni kwa kusema, lakini mbele ya wenzako, nawe ukiketi upande wake. Riwaya itakayomweka shujaa wake kati ya baraza hilo na boma itakuwa na kitisho cha kutosha, wala haitahitaji kuazima njama za miji ya mbali.