Sungura wa nyumbani ahitaji nafasi ya kukimbia na mwenzake

APITAYE alfajiri kwenye vijia vya Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, huenda akamwona sungura wa mwituni akichomoka kichakani, peke yake, na kutokomea baada ya miruko michache.

Mnyama huyo hukaa bila mwenziwe muda mwingi wa maisha yake. Hachimbi shimo, bali hulala kwenye kijibonde juu ya ardhi, akijificha nyasini. Watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyo wazi, tayari kujificha kila mmoja mahali pake.

Sungura afugwaye nyumbani ni mnyama mwingine kabisa. Asili yake ni rasi ya Iberia, ziliko Uhispania na Ureno, ambako mababu zake waliishi kwa makundi katika mashimo yaliyounganishwa kwa njia za chini kwa chini. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, wakahitaji joto la shimo na la ndugu zao. Sungura wa kufugwa ana kromosomu 44, ilhali yule wa vichakani ana 48, na wawili hao hawawezi kuzaana.

Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja. Wapo watakaosema kwamba wa mwituni aitwe kitungule, na kamusi zitawaunga mkono, lakini ni nani sokoni anayelitumia neno hilo? Basi watu humtazama wa kichakani anavyoishi, wakakata kauli kwamba sungura ni mnyama mpweke na mtulivu, anayetosheka na pembe ndogo ya chumba. Anayeumia kwa kauli hiyo ni yule aliyemo kizimbani.

Jambo hili lina uzito wake Kwa Vonza. Mji huo mdogo ulio kando ya barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui umekua pamoja na elimu ya juu. Iliyokuwa Taasisi ya Kilimo ya Ukambani iligeuzwa mwaka wa 2008 kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kilifungua bewa lake katika eneo hilo.

Palipo na wanafunzi na wafanyakazi wa chuo pana vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba asiyetaka kusikia mbwa akibweka wala paka akilia usiku hatasumbuliwa na sungura, kwa kuwa hana sauti. Kwa hivyo si ajabu kumkuta mmoja ndani ya kizimba cha waya, chini ya kitanda, akisifiwa kwa ukimya wake.

Kizimba hicho aghalabu kimeigwa kutoka kwa wafugaji wa sungura wa nyama. Kenya ina historia ndefu ya ufugaji huo: serikali iliendesha kituo cha kuzalisha mbegu bora za sungura kule Ngong, na vilabu vya 4K shuleni viliwafundisha watoto kujenga vibanda vyenye sakafu ya waya ili kinyesi kidondoke chini. Lakini sungura wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa miezi michache tu. Wa kufugwa kwa mapenzi anaweza kuishi miaka 8 hadi 12. Kibanda kilichobuniwa kwa maisha ya miezi minne hakiwezi kuwa makao ya miaka kumi.

Madhara yake huanza polepole. Mifupa ya sungura ni myepesi mno: ni takriban asilimia 7 au 8 ya uzani wa mwili wake, ilhali ya paka ni 12 au 13. Mifupa hiyo imefungwa kwa misuli yenye nguvu za ajabu ya miguu ya nyuma. Asipokimbia, mifupa hudhoofika na misuli husinyaa. Kisha siku moja anashtuka, anapiga teke la ghafla na kuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo.

Matumbo nayo hutegemea mwendo. Sungura anayekaa kitako mchana kutwa hunenepa, chakula kikatulia tumboni, na mkojo wake hujaza chokaa katika kibofu. Nyayo zake, ambazo hazina vifuko vya ngozi kama za mbwa bali manyoya tu, huota vidonda kwa kukanyaga waya au simenti yenye unyevu. Akishanenepa hawezi kugeuza kichwa kujisafisha, na inzi hutaga mayai kwenye manyoya machafu.

Yote hayo hutokea bila yeye kutoa sauti. Sungura ni mawindo kwa maumbile, na mawindo huficha maumivu. Anayeng'ata nyaya za kizimba usiku, anayejinyonyoa manyoya au anayekaa amejikunyata akitazama ukuta hajatulia. Na aliyekataa chakula kwa nusu siku yumo hatarini kufa. Asisubiriwe hadi kesho.

Nafasi ya kutosha ni ipi?

Nchini Uingereza, shirika linaloshughulikia ustawi wa wanyama hawa, Rabbit Welfare Association and Fund, hupendekeza kwamba sungura wawili wawe na eneo la mita 3 kwa mita 2, lenye kimo cha mita 1, nao walitumie usiku na mchana pasipo kusubiri kufunguliwa. Kimo hicho ni ili waweze kusimama wima kwa miguu ya nyuma bila kuinamisha masikio. Urefu ni wa kuwawezesha kukimbia, si kuruka mara moja na kugonga ukuta.

Hesabu hiyo huleta ugumu katika chumba cha kupanga. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina takriban mita 9 za mraba. Sungura wawili wangedai 6, yaani thuluthi mbili. Ukweli mchungu ni kwamba anayeishi katika chumba kimoja chenye kitanda, meza na jiko la gesi hana budi kuchagua: ama sakafu yote iwe ya sungura na kizimba kibaki wazi kama mahali pa kulala tu, ama asimfuge. Kumfungulia dakika kumi wakati wa kufagia hakutoshi.

Habari njema ni kwamba sungura hujifunza haraka kutumia pembe moja kama choo, hasa akiwekewa beseni lenye nyasi kavu, kwa maana hupenda kula huku akijisaidia. Akishazoea, hofu ya kuchafua chumba hupungua sana.

Saa zake za kucheza nazo hazifanani na za binadamu. Huchangamka alfajiri na magharibi, na adhuhuri hulala. Mwanafunzi anayetoka saa mbili asubuhi na kurejea jioni amebahatika, kwani saa za kuwa nyumbani ndizo saa za mnyama wake. Hapo ndipo atamwona akikimbia kwa duara na kuruka huku akijipinda hewani, jambo ambalo sungura mwenye furaha pekee hulifanya.

Sakafu ya simenti iliyosuguliwa huteleza, na sungura anayeteleza huacha kukimbia. Mkeka au gunia la katani humpa mahali pa kukanyagia. Katoni mbili zilizotobolewa mlango humpa handaki. Zikiwekewa milango miwili ni bora zaidi, ili asibanwe na mwenziwe ndani. Beseni la mchanga mkavu humwezesha kuchimba bila kuharibu mlango.

Ukambani hapakosi kiondo kikuukuu. Kile cha mkonge mtupu, kisicho na nyuzi za plastiki, kikijazwa nyasi kavu huwa mchezo na mlo kwa wakati mmoja. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na nyasi ndiyo tupa yake. Kwa sababu hiyo nyasi kavu, kama zile za boma rhodes ambazo wafugaji wa ng'ombe huuziwa kwa mafungu, ziwe sehemu kubwa ya chakula chake. Nyasi zikitawanywa mahali mbalimbali chumbani, atalazimika kuzitafuta, na huko kutafuta ni mazoezi. Majani ya viazi vitamu na vishona nguo ni nyongeza nzuri yakiwa hayajanyunyiziwa dawa.

Kabla ya kumwachilia, nyaya za umeme na za kuchajia simu ziinuliwe zisifikiwe. Kwake hizo ni mizizi tu inayozuia njia, naye huzikata kwa tendo moja la meno. Akitolewa uani, aepushwe na majani ya mparachichi na lantana, ambayo ni sumu, na ua wa mnyaa, ambao utomvu wake mweupe huchoma macho na midomo. Mbwa, paka na mwewe hawahitaji kutajwa sana. Siafu hutajwa mara chache ingawa sungura aliyefungiwa hana pa kuwakimbilia.

Joto ndilo adui wa kila siku katika eneo hilo kame. Sungura hatoi jasho. Hupunguza joto kupitia masikio. Hali ya hewa ikizidi nyuzi 30 za Selsiasi, hasa katika miezi ya kiangazi cha Februari na Machi au Septemba na Oktoba, chumba cha mabati bila dari kinaweza kumuua kati ya adhuhuri na alasiri. Chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kugandishwa, ikafungwa kwa kitambaa, humpa kitu baridi cha kulalia. Maji ya kunywa yawe kwenye bakuli zito asiloweza kupindua. Akipumua kwa kasi na kudondokwa na mate, masikio yake yalowanishwe kwa maji ya kawaida na atafutiwe daktari wa mifugo. Asitumbukizwe kwenye maji baridi, kwani mshtuko huo unaweza kummaliza.

Hata hivyo, uwanja mpana bila mwenzake bado ni upweke. Sungura wawili waliopatana hulala wakigusana, hulambana usoni na hupokezana zamu ya kutega masikio. Hakuna binadamu awezaye kufanya hayo kwa saa ishirini na nne, sembuse mwenye mitihani. Redio na mwanasesere si badala ya sungura.

Ugumu upo katika kuwachagua. Dume na jike ndio hupatana kwa urahisi zaidi, lakini mimba ya sungura ni ya siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa. Katika muda wa miezi michache chumba kimoja kingekuwa na familia ya kuogofya. Suluhisho ni dume ahasiwe, kisha akae mbali na jike kwa wiki nne hadi sita, kwa kuwa mbegu hubaki mwilini kwa muda huo. Jike naye, akiondolewa kizazi, huepushwa na saratani ya tumbo la uzazi ambayo huwapata wengi wakizeeka.

Si kila daktari wa mifugo aliyezoea ng'ombe na mbuzi amewahi kumlaza sungura kwa dawa. Mwenye sungura aulize kwanza, bila haya. Akiambiwa amnyime chakula usiku wa kuamkia upasuaji, atafute mwingine. Sungura hawezi kutapika, na tumbo tupu humdhuru.

Pasipo daktari wa aina hiyo, njia iliyosalia ni majike wawili wa tumbo moja ambao hawajatenganishwa tangu utotoni. Hao nao huweza kugombana wakibaleghe, kwa hivyo nafasi iwepo ya kuwatenga. Madume wawili wasiohasiwa wasiwekwe pamoja asilani. Hung'atana hadi kuhasiana wenyewe. Wala simbilisi si mwenzi mwema wa sungura: lishe zao ni tofauti, na sungura anaweza kumwambukiza viini vya kikohozi bila yeye mwenyewe kuugua.

Wageni wawili hawaachiwi pamoja siku ya kwanza. Kila mmoja huwekwa upande wake wa wavu kwa siku kadhaa, wakibadilishana matandiko ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Kisha hukutanishwa mahali ambapo hakuna aliyewahi kupamiliki, kama chumba cha jirani. Kukimbizana kidogo na kupandiana ni kawaida. Wakianza kuviringishana wakirushiana mateke, watenganishwe kwa taulo nene, si kwa mikono mitupu.

Binadamu naye ana nafasi yake, lakini sakafuni. Sungura akibebwa juu juu huona amenyakuliwa na mwewe. Mtu akiketi chini akisoma kitabu chake, mnyama atamjia kwa hiari, atamnusa vidole, na huenda akasaga meno taratibu anapopapaswa kipaji. Mlio huo hafifu ni ishara ya kuridhika. Akisaga kwa nguvu huku amejikunja, ni maumivu.

Sheria pia haijanyamaza. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani anayemfungia mnyama kwa namna inayomletea mateso yasiyo ya lazima. Ni nadra watu kuikumbuka wanapomtazama mnyama asiyelia.

Limebaki suala la likizo. Muhula ukiisha, vyumba vya Kwa Vonza hubaki vitupu na mabasi huondoka yakiwa yamejaa. Sungura wa kufugwa hawezi kuachiliwa porini ajitafutie. Hana rangi ya kujificha wala ujuzi wa yule wa vichakani, na hatamaliza usiku mwingi. Anayesafiri naye ampakie pamoja na mwenzake katika kisanduku kimoja chenye matundu na nyasi, aondoke na basi la alfajiri kabla ya jua kuchoma, na asimweke kwenye buti. Anayemwachia jirani amwonyeshe wiki moja kabla: nyasi kiasi gani, maji mara ngapi, mlango wa kizimba ubaki wazi, na kinyesi kikikosekana asubuhi, ampigie nani simu.