Wanaocheza vita Gettysburg, na wale waliokimbia

Kuna video ambayo vijana wanatumiana kwa simu siku hizi. Watu mamia kwa mamia, wengine wamevaa sare za buluu, wengine za kijivu, wanapigana kwa bunduki ndefu katika shamba la majani. Moshi unafunika uwanja, watu wanaanguka. Baadaye wafu wanaamka, wanapangusa suruali na kwenda kunywa maji. Mama mmoja aliyekimbia vita pamoja na watoto wake aliitazama mara mbili, akauliza: "Sasa hawa wanacheza nini?"

Wanacheza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyojitenga ili utumwa uendelee. Mapigano makubwa kuliko yote yalitokea Gettysburg, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863. Kwa siku tatu tu, waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea walikuwa karibu 51,000.

Wa kwanza kurudi pale kwa ukumbusho walikuwa wapiganaji wenyewe. Mwaka 1913, miaka 50 ilipotimia, wazee zaidi ya 50,000 walikusanyika, na waliokuwa maadui wakapeana mikono juu ya ukuta wa mawe walioupigania. Wazee wale walipopungua, watu ambao hawakuiona vita ile wakaanza kuiigiza. Julai 1961 maelfu waliigiza pigano la kwanza la Manassas, huko Virginia, juu ya uwanja wenyewe. Baadaye idara ya hifadhi za taifa ikakataza kupigana kwa mchezo kwenye ardhi yake. Ndiyo maana sasa michezo mikubwa hufanyika kwenye mashamba ya jirani.

Kinachowavuta wengi ni bunduki. Zinazoonekana zaidi ni Springfield ya 1861, ya Marekani, na Enfield ya 1853, ya Uingereza, ambayo pande zote mbili zilinunua. Ni magobori, ndugu zangu. Askari aling'ata karatasi ya baruti kwa meno, akamimina baruti ndani ya mtutu, akaishindilia risasi kwa ufito wa chuma, akaweka fataki, akavuta mtambo, ndipo akafyatua. Aliyezoea alipiga mara tatu kwa dakika. Risasi yenyewe, iliyobuniwa na afisa Mfaransa aliyeitwa Minié, ilikuwa ya madini laini ya risasi, pana karibu milimita 15. Ikigonga mfupa iliusaga, na kwa sababu hiyo madaktari wa vita ile walikata mikono na miguu mingi sana.

Bunduki za asili bado zipo, lakini ni ghali, na wenye nazo huogopa kuziharibu. Wengi hubeba nakala mpya, nyingi zimetengenezwa Italia. Sheria ya Marekani haizihesabu bunduki zilizotengenezwa 1898 au kabla yake kama silaha za leo, wala nakala za magobori. Wapenzi wa mchezo huu wanabishana hata kuhusu vifungo vya koti na uzi wa kushonea. Anayekuja na saa ya mkononi wanamwita "farb", jina la dharau. Usifikiri ni utani, wapo wanaolichukua kama kesi ya mahakama.

Uwanjani hutiwa baruti tu, bila risasi. Bunduki hukaguliwa kabla, na ufito mara nyingi unakatazwa usitolewe, usije ukasahaulika ndani ya mtutu ukaruka kama mkuki. Hata hivyo, Septemba 2008 huko Virginia, mzee wa miaka zaidi ya 70 alipigwa risasi ya kweli begani wakati wa kuigiza mbele ya kamera. Alipona.

Kwa miaka mingi waliocheza walikuwa karibu wote wazungu, ingawa weusi wapatao 180,000 walipigana upande wa Kaskazini. Filamu ya Glory ya 1989, kuhusu kikosi cha weusi cha 54 cha Massachusetts, ilileta waigizaji weusi wengi zaidi uwanjani.

Lakini mama yule aliuliza tena: "Na wenye shamba wako wapi?" Hapo mchezo unanyamaza. Jennie Wade, msichana wa miaka 20, alikuwa akikanda unga wa mkate Gettysburg tarehe 3 Julai risasi ilipotoboa mlango na kumwua. Jeshi la Kusini lilipoingia Pennsylvania, liliwakamata weusi, hata waliozaliwa huru, na kuwapeleka Kusini utumwani. Kwa hiyo familia nyingi nyeusi za Gettysburg zilikuwa zimekwisha kukimbia, na vitu walivyoweza kubeba, kabla mzinga wa kwanza haujalia.

Mmoja wao alikuwa Basil Biggs, mkulima mweusi aliyetoka Maryland kuja Gettysburg akitaka watoto wake wapate kusoma. Aliporudi alikuta shamba alilokodi limegeuzwa hospitali ya maadui na mali yake imeharibiwa. Vuli hiyo alipata kazi ya kufukua askari wa Kaskazini waliozikwa ovyo mashambani, ili wazikwe katika makaburi mapya ya taifa. Yeye na wenzake walitoa maiti zaidi ya 3,300. Lincoln alipokuja tarehe 19 Novemba 1863 kutoa hotuba yake mashuhuri ya dakika chache, kazi ile haikuwa imekwisha. Biggs na watu wake waliendelea kuchimba hadi Machi ya mwaka uliofuata.