Historia ya Nakuru inaanza mwaka gani? Inategemea unamuuliza nani

Sote tumelelewa na sinema za kauboi. Mtoto wa Kaptembwo au Lanet anaweza kukuelezea sherifu, farasi, reli inayokata nyika na mzungu anayejenga nyumba ya mbao mahali ambapo eti hapakuwa na mtu. Muulize sasa mashamba ya Njoro yalipatikanaje, atakuangalia tu. Na bana, ni stori ileile.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwingereza alikuwa amemwaga pesa nyingi kwa hiyo reli na haikuwa na mzigo wa kutosha wa kubeba, kwa hivyo Kamishna Charles Eliot akaanza kuwaita wazungu waje walime. Marekani walikuwa wametangulia: sheria yao ya 1862 ilimpa mtu ekari 160, akae miaka mitano, alime, iwe yake. Sasa sikia ya kwetu. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 pale Njoro, kwa mkataba wa kukodi wa miaka 99. Piga hesabu. Hayo ni mashamba 625 ya Kimarekani, kwa mtu mmoja.

Tuseme ukweli, mwanzo wake ulikuwa mgumu. Aliishi kwa kibanda cha nyasi. Kondoo walimfia kwa sababu majani ya upande ule yalikosa madini, ng'ombe wakapigwa na magonjwa, ngano ikaliwa na kutu. Akahamishia mifugo Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga, jina ambalo bado liko sokoni. Vitabu vingi hupenda kukaa hapo: ujasiri, hasara, uvumilivu. Sikatai. Lakini ukianza kusimulia na Delamere, unaona tu mtu akipigana na nyika.

Rudi nyuma miaka kumi hivi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe wa Wamaasai, ndui ikaua watu, na vita vya wao kwa wao vikaongezea. Bonde lilionekana tupu kwa sababu wenyewe walikuwa wameumia. Hata majina yanasema: Naivasha, Elementaita na Nakuru yote ni maneno ya Kimaa. Mwaka 1904 Olonana na wazee wengine wakawekewa mkataba mbele yao: mtoke bondeni, wengine waende Laikipia, wengine kusini, na mtaachiwa huko muda wote Wamaasai watakapokuwepo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 Laikipia nayo ikatakikana, wakasukumwa kusini na mifugo yao. Kundi la Parsaloi ole Gilisho likaenda kortini. Mwaka 1913 kesi ikatupwa. Sababu? Korti ilisema ule ulikuwa mkataba kati ya mataifa mawili, kwa hivyo yenyewe haina nguvu ya kuusikiliza. Yaani wewe ni taifa siku ya kunyang'anywa tu! Walakota wa Marekani wangeelewa haraka: waliahidiwa Black Hills mwaka 1868, dhahabu ikaonekana 1874, na kufikia 1877 milima imeenda.

Sasa tuje kwa upande wetu, sisi wajukuu wa maskwota. Hebu angalia hilo neno kwanza. Aliyekuja na meli akapewa ekari aliitwa setla. Aliyemlimia akaitwa skwota, kama mtu aliyejipenyeza, ilhali wengi waliitwa, maana setla alikuwa na ardhi kubwa na mikono miwili. Mwanzoni mpango haukuwa mbaya sana. Mkikuyu, Mkipsigis au Mnandi alikuja na mbuzi na ng'ombe wake, akapata mahali pa kulima na kulisha, naye anamfanyia mzungu kazi. Sheria ya 1918 ikaweka kiwango: siku 180 kwa mwaka, na zaidi ya hapo pasi huwezi kukaa. Mwanaume akabeba kipande, karatasi ndani ya kikopo cha bati, kinaning'inia shingoni. Ukikutwa bila hicho, umekwisha.

Shida ni kwamba maskwota wengine walifanikiwa. Mifugo ikaongezeka. Masetla wakaona skwota mwenye ng'ombe wengi hana haja ya mshahara, na pia anajiona ana haki na ile ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mifugo ikaanza kuondolewa mashambani kwa nguvu. Watu wakaipa jina ambalo halihitaji maelezo: kifagio. Kisha sheria ya 1937 ikaruhusu siku za kazi kufika 270. Ondoa Jumapili na siku za ugonjwa, uniambie shamba lako utalilima lini.

Waliofukuzwa, baadhi wakapelekwa Olenguruone mwaka 1941. Serikali ikasema ninyi ni wapangaji, fuateni masharti. Wao wakasema hapana, hii ni fidia ya ardhi tuliyopoteza. Wakala kiapo, wanaume, wanawake na watoto pamoja. Kufikia 1950 walikuwa wameondolewa, mazao yameharibiwa, wengine wakatupwa Yatta kwenye ukame. Kiapo hakikubaki Olenguruone, kilitembea nao.

Ndiyo maana kelele za hapa kwetu za "sisi ndio tulikuwa wa kwanza" hunichosha. Kila mtu ana mwaka wake. Setla anaanza 1903. Mmaasai anaanza kabla ya 1904. Sisi tunaanza 1918 na jasho la babu, halafu tunaruka hadi 1963 na hisa za kampuni za kununua mashamba, na tunanyamaza kabisa kuhusu aliyetolewa ili babu apate pa kutolea jasho. Na Waogiek wa Mau wanatusikiliza sote. Wao ilibidi waende hadi mahakama ya Afrika kule Arusha, na mwaka 2017 ikaamua kwamba Kenya imekiuka haki zao.

Nimesikia watu wakipigana juu ya hii miaka, na sio kwa maneno tu. 2008 sio zamani.

Waliofanya zile siku 270 wamebaki wachache sana, na kumbukumbu zao hazipo kwa ofisi yoyote ya ardhi. Kama shosho bado amekiweka kile kikopo cha kipande cha babu, usikubali kiende na mtu wa vyuma chakavu. Keti naye umuulize walikuwa shamba la nani, na kabla ya huyo mzungu, ni nani alikuwa akichunga hapo.