Weusi Unaong'arishwa: Meko ya Chuma na Shajara za Hannah Cullwick

Mwanamke wa pwani anapoketi kusugua sufuria kwa kumbi, mchanga na majivu, adui yake ni weusi. Masizi yakishatoka, kazi imekwisha. Katika nyumba za Uingereza ya karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume. Mtumishi aliyaondoa masizi kwenye meko ya chuma, kisha akayapaka weusi mwingine, akausugua mpaka uking'aa, na papo hapo akauwasha moto ambao ungekuja kuuharibu weusi ule. Alfajiri ya pili alianza upya. Mwaka 1871 wanawake zaidi ya milioni moja walikuwa katika utumishi wa majumbani huko Uingereza na Wales, na wengi wao waliijua kazi hiyo kwa magoti yao. Walioandika habari zake ni wachache mno. Mmoja wao, aliyeandika zaidi ya wote, ni Hannah Cullwick.

Alizaliwa mwaka 1833 katika mji mdogo wa Shifnal, jimbo la Shropshire. Kiasi cha kilomita kumi kutoka hapo ndipo lilipo bonde la Coalbrookdale, ambako mwaka 1709 Abraham Darby alifaulu kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa kwanza ili yatoke moshi na lami yake. Kabla ya hapo wayeyushaji walitegemea makaa ya miti, na misitu ilikuwa ikipungua. Darby alikuwa ameshapata hati ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga tangu 1707. Makaa hayo mapya yakamwezesha yeye na warithi wake kusubu kwa wingi. Mwaka 1779 wajukuu wa kazi yake wakasimamisha daraja zima la chuma juu ya mto Severn. Baada ya vyungu na daraja ikaja zamu ya meko. Mwaka 1802 George Bodley wa Exeter alipewa hati ya jiko la chuma lililofunikwa juu, na kufikia katikati ya karne hiyo takriban kila nyumba yenye uwezo ilikuwa na jiko la aina hiyo chini na meko ya kuotea moto vyumbani, yenye maua na majani yaliyosubiwa humo humo katika chuma.

Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia mbili na nne. Ndiyo maana huyeyuka mapema na kuingia katika kila mkunjo wa kalibu. Lakini ndiyo maana pia ni kigumu kisichopindika. Mtu akikimwagia maji baridi kikiwa na moto, hupasuka. Kwa hiyo sharti la kwanza la usafi lilikuwa subira: meko yapoe. Sharti la pili lilihusu kichanja, yaani fito za chuma zinazobeba makaa. Hewa inayopita chini ya fito hizo ndiyo inayoulisha moto, na ndiyo hiyo hiyo inayozipoza fito zenyewe. Majivu yakiachwa yakajaa mpaka yakazigusa, joto halina pa kutokea, na fito hulegea, hupinda, mwishowe huliwa. Bibi mwenye nyumba aliyedhani mtumishi anakwangua majivu kwa ajili ya sura tu, hakujua kwamba ndiye anayemhifadhia jiko lake.

Adui mwingine alikuwa kutu. Masizi ya makaa ya mawe yana salfa ndani yake, na salfa ikikutana na unyevu wa hewa ya Uingereza hukila chuma. Dawa yake iliitwa na Waingereza "risasi nyeusi", ingawa haina risasi hata chembe. Ni kinywe, madini yale yale yanayotiwa katika penseli. Kinywe safi kilichimbwa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, tangu karne ya 16, na watu wakaendelea kukidhania aina ya risasi mpaka mwaka 1779, Carl Wilhelm Scheele alipoonyesha kuwa ni kaboni. Miaka kumi baadaye kikapewa huko Ulaya jina linalotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kingi kilitoka katika bahari yetu hii, kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka.

Kinywe kimeumbwa kwa vipande vyembamba mno vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Kikisuguliwa juu ya chuma, vipande hivyo hulala na kuziba vinyweleo, unyevu ukakosa mlango. Nacho hakishiki moto kwa wepesi. Isabella Beeton, katika kitabu chake kikubwa cha mambo ya nyumbani cha mwaka 1861, amemwandalia mtumishi sanduku la kazi hiyo: brashi, ngozi za kusugulia, msasa, kitambaa cha kutandika mbele ya meko, na kinywe chenyewe. Kinywe kilisagwa, kikatiwa maji kidogo, kikapakwa kwa brashi moja, kikasuguliwa kwa nyingine kabla hakijakauka kabisa, na kung'arishwa kwa ya tatu. Sehemu za chuma cheupe zilipigwa msasa. Kitabu hicho kinaeleza vizuri, ila kinaeleza kwa sauti ya anayetoa amri.

Sauti ya anayeinama imo kwa Hannah. Aliingia utumishini akiwa na umri wa miaka minane. Mwaka 1854, mjini London, alikutana na Arthur Munby, mwanasheria na mshairi aliyevutwa mno na wanawake wa kazi za sulubu. Munby ndiye aliyemtaka aandike kila siku alichokifanya. Akaandika: madirisha aliyoyafungua, moto aliouwasha, viatu alivyovisafisha, ngazi alizozisugua kwa magoti, meko aliyoyapaka weusi. Hakuna tashibihi, hakuna pambo. Kitenzi hufuata kitenzi mpaka msomaji akachoka mwili. Munby alitoa vitabu kadhaa vya tenzi, na katika kimoja, Dorothy, cha mwaka 1880, shujaa wake ni msichana mtumishi. Hata hivyo, ukurasa mmoja wa Hannah una uzito ambao tenzi hizo hazina, kwa kuwa ni wa mtu aliyebeba ndoo mwenyewe.

Wala habari hii si safi kama meko yaliyokwisha kusuguliwa. Munby alipenda kumwona akiwa na masizi usoni. Mwaka 1862 Hannah alipigwa picha akiwa na sura ya mfagiaji wa dohani. Alivaa mnyororo wenye kufuli shingoni, na alimwita Munby "Massa", neno la watumwa wa mashamba ya Amerika. Kwa msomaji wa visiwa vilivyoijua minyororo ya kweli, mchezo huo hauchekeshi. Lakini itakuwa dhuluma ya pili kumfanya Hannah kuwa kivuli cha matamanio ya bwana. Walipooana kwa siri mwaka 1873, Munby alitaka mara kwa mara kumvika nguo za kibibi. Hannah hakukubali kuishi hivyo. Aliionea fahari mikono yake mikubwa, na fahari hiyo haikutoka kwa Munby.

Alifariki Shifnal mwaka 1909, na Munby akamfuata Januari 1910. Makaratasi yao Munby aliyaachia Chuo cha Trinity, Cambridge, ndani ya masanduku ambayo hayakufunguliwa mpaka 1950. Wakati huo jiko la gesi lilikuwa limeshaenea, na sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, iliyoletwa na moshi ulioua maelfu mjini London mwaka 1952, ikaharakisha kuzimika kwa makaa ya mawe majumbani. Kiwanda cha kusubu cha Coalbrookdale kilifungwa mwaka 2017. Shajara zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1984, miaka 75 baada ya kifo cha mwandishi wake, na jina lililowekwa juu ya jalada ni la Hannah.